Kampasi ya vituo vya data ikiletwa mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Dar es Salaam

Ukurasa huu ni wa wakazi wa Kigamboni, Chanika, Pugu, Bunju, Mbezi na kote pembezoni mwa jiji ambako bado kuna ekari za kutosha kwa mradi mkubwa. Maswali ni yale yanayosikika kwenye mikutano ya mtaa, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp kila tetesi za mwekezaji wa data zinapozuka. Siupingi mradi wa aina hii, wala siupigii debe. Ninachokitaka, na ninakitaka kwa moyo wote, ni kwamba megawati, lita za maji na masharti ya fidia viandikwe kabla greda la kwanza halijaingia. Kilichoandikwa kwenye cheti cha mazingira hudaiwa. Kilichosemwa jukwaani hakina pa kudaiwa.

Hivi kituo cha data ni kitu gani hasa?

Ni jengo lililojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa. Ukituma pesa kwa simu, ukinunua umeme wa LUKU, ukifungua picha ya mjukuu aliyeko Mwanza, kuna kompyuta mahali fulani iliyotunza kumbukumbu hiyo. Dar es Salaam si mgeni wa vitu hivi: kituo cha data cha taifa kipo Kijitonyama kwa miaka kadhaa sasa, na benki na kampuni za simu zina vya kwao. Kampasi ni majengo kadhaa ya namna hiyo ndani ya uzio mmoja, pamoja na kituo chake cha kupoza umeme, safu ya majenereta, matangi ya dizeli na mitambo ya kupoza joto. Ukubwa wake hupimwa kwa megawati. Mtu akikutajia ekari peke yake, bado hajakwambia chochote.

Kwa nini waje Dar na si Dodoma au Morogoro?

Kwa sababu ya bahari. Nyaya za intaneti kutoka nje zinatua hapa: SEACOM tangu 2009, EASSy iliyofuata mwaka mmoja baadaye, kisha nyingine, hadi 2Africa iliyofikishwa ufukweni 2023. Kutoka hapa Mkongo wa Taifa unapeleka mawasiliano mikoani na kwa majirani wasio na bahari, kama Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Anayetaka kuhudumia watu wa eneo hilo lote anatafuta kiwanja karibu na zinapotua nyaya.

Umeme wetu utakuwaje? Mgao utarudi?

Hili ndilo swali la kwanza kila mahali, na wanaouliza wana sababu. Hakuna aliyesahau mwishoni mwa 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, friji zikiwa kabati na saluni zikifungwa mchana.

Tuanze na hesabu. Chukulia kampasi ya wastani, ambayo kompyuta zake peke yake zinakula megawati 20. Juu ya hizo kuna umeme wa kupoza joto na shughuli nyingine za jengo, ambao kwa kawaida ni kama nusu nyingine. Jumla ni megawati 30, saa 24, siku zote za mwaka. Kwa siku ni uniti 720,000. Familia inayotumia uniti 75 kwa mwezi, ile ya tarifa ya chini, inatumia uniti mbili na nusu kwa siku. Kwa hiyo kampasi moja inakula umeme wa nyumba 288,000 za aina hiyo.

Hesabu hiyo inatisha, lakini kuna upande wa pili. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ilikuwa imekamilika. Matumizi ya juu ya nchi nzima mwanzoni mwa 2025 yalikuwa kama megawati 1,900, na bado kuna mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo na mabwawa mengine. Megawati 30 hazitarudisha mgao zenyewe. Umeme unaokatika Mbagala au Kigamboni leo mara nyingi unakatika kwa sababu ya njia zilizozidiwa na transfoma zilizochoka, wakati kwenye bwawa umeme upo.

Kwa hiyo swali lenye uzito ni hili: kampasi itaunganishwa wapi? Ikijengewa njia yake kutoka kwenye msongo mkubwa, pamoja na kituo chake cha kupoza umeme, jirani hatahisi. Ikining'inizwa kwenye laini ileile inayolisha kata, kila mtu atahisi. Na gharama ya njia hiyo mpya alipe nani? Jibu langu ni kwamba alipe mwenye mradi, na iandikwe hivyo, kwa sababu gharama ikiingia kwenye vitabu vya TANESCO, siku moja itaombewa nyongeza ya bei. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huitisha taftishi ya wazi, yaani mkutano wa kukusanya maoni, kabla ya kupandisha bei za umeme, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuhudhuria na kusema. Tumekuwa tukiwaachia mikutano ile watu wa viwanda.

Ireland inafaa kutazamwa. Waliruhusu kituo kimoja kimoja, na kila kimoja kilionekana kinabebeka. Kufikia 2023 vituo vya data vilikuwa vinakula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita, zaidi ya nyumba zote za mijini kwa pamoja. Anayekuja mtaani na megawati 20 aulizwe pia za awamu ya pili na ya tatu.

Na maji? Sisi wenyewe tunanunua ndoo.

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa zaidi.

Kompyuta zikifanya kazi zinatoa joto, na joto hilo lazima litolewe nje. Njia moja ni kuyeyusha maji hewani kwenye minara. Njia hiyo hutumia umeme kidogo lakini inakunywa maji. Wastani unaotajwa sana kwa Marekani ni lita 1.8 kwa kila uniti ya umeme wa kompyuta. Kwa megawati 20 inakuja lita 864,000 kwa siku: maboza 86 ya lita 10,000, kila siku, Jumapili na sikukuu.

Weka hesabu hiyo mbele ya Oktoba na Novemba 2022, mto Ruvu ulipopungua hadi DAWASA ikatangaza mgao wa maji jiji zima. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayotulisha karibu sote, na bwawa la Kidunda, ambalo lingetutunzia maji ya masika yatufikishe kiangazi, mkataba wake wa ujenzi ulisainiwa mwaka huohuo wa 2022 baada ya kusubiriwa kwa miongo mingi. Upande wa Kigamboni kuna visima virefu vya Kimbiji na Mpera. Hazina hiyo ya chini ya ardhi ni ya thamani, na pwani yetu ina tabia inayojulikana na kila mwenye kisima: ukivuta kupita kiasi, maji ya chumvi yanasogea. Yakishaingia hayatoki haraka.

Bahati njema ni kwamba hali ya hewa yetu yenyewe inapinga minara ya maji. Maji hayayeyuki vizuri kwenye hewa iliyojaa unyevu, na anayeanika nguo mwezi wa nne Dar es Salaam anajua. Mhandisi makini atachagua mfumo wa kufunga, ambamo maji yaleyale huzunguka kwenye mabomba, au wa kupoza kwa hewa. Mifumo hiyo hula umeme zaidi na inataka matunzo kwa sababu ya chumvi ya baharini, lakini maji yake ni kidogo sana. Mimi ningekubali umeme uongezeke kuliko kugawana Ruvu. Wakazi wa mtaa wadai hilo liwe sharti: mfumo wa kufunga, na kiwango cha juu cha lita kwa siku kitajwe kwa tarakimu.

Inawezekana. Uruguay ilikumbwa na ukame mkali 2023, watu wakaandamana dhidi ya mradi wa Google, na mpango ukabadilishwa kuwa wa kupoza kwa hewa. Chile, mahakama ya mazingira iliurudisha nyuma mradi wa kampuni hiyohiyo mjini Santiago mwaka 2024, na kampuni ikasema itaanza upya bila mfumo wa kula maji.

Mradi ukitaka kuchimba visima vyake, unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Nendeni mkaulize kama umeomba, na kiasi gani.

Kelele na moshi wa majenereta?

Vyote viwili vipo. Feni za kupoza zinavuma mfululizo, usiku ndipo zinaposikika, na mtu aliyezoea ukimya wa Kimbiji hatazizoea kwa wiki moja. Majenereta huwashwa kwa majaribio mara kwa mara, na umeme wa gridi ukikatika yanawaka yote kwa pamoja. Kuendesha megawati 30 kwa dizeli kunameza kama lita 8,000 kwa saa, kwa hiyo kutakuwa na akiba kubwa ya mafuta ndani ya uzio. Ulizeni matangi yatakaa umbali gani kutoka shule, zahanati na visima, na bomba za moshi zitaelekea wapi. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zipo. Waleteni maofisa wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, wapime sauti usiku kabla ya ujenzi, ili baadaye kuwe na kitu cha kulinganisha.

Kuna mionzi? Tumeambiwa wanawake watapoteza mimba.

Hapana. Kompyuta na nyaya hazitoi mionzi ya kuharibu mwili. Hofu hii huenea haraka na huwapa wenye mradi nafasi ya kutuona hatuelewi, kisha maswali yetu ya maji na mafuta yanapuuzwa pamoja nayo. Tuiache.

Vijana wetu watapata kazi?

Wakati wa ujenzi, ndiyo, na kwa mamia: mafundi ujenzi, wa umeme, wa mabomba, wachomeleaji, mama lishe nje ya geti. Ujenzi huchukua mwaka mmoja au miwili. Ukikamilika, jengo kubwa la namna hii huendeshwa na watu makumi tu, wengi wao wahandisi na mafundi wa zamu, walinzi na wafanya usafi. Kiwanda cha nguo cha ukubwa huohuo kingeajiri watu wengi zaidi. Yeyote anayewaahidi wazazi maelfu ya ajira za kudumu anawadanganya.

Kinachoweza kudaiwa ni nafasi za mafunzo kwa idadi na mwaka. Kijana wa VETA aliyesomea umeme au majokofu yuko karibu sana na kazi za humo, kwa sababu kupoza joto na kutunza majenereta ndiyo nusu ya kazi yote.

Halmashauri itapata nini?

Ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, vibali vya ujenzi, na kodi ya ardhi kwa upande wa serikali kuu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hivyo ushuru ukilipwa, unaweza kuonekana hadi kwenye VICOBA vya mtaani. Lakini wawekezaji wakubwa huomba nafuu za kodi. Diwani aulizwe waziwazi nafuu gani imeombwa na ya miaka mingapi.

Nyumba yangu ipo ndani ya eneo. Nitalipwaje?

Kwanza jua nani anaichukua. Kama mwekezaji ananunua kwa hiari, hapo ni bei yako na yake. Una haki ya kukataa na ya kuchukua muda. Kama serikali inatwaa ardhi kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, basi Katiba ibara ya 24 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka fidia kamili na ya haki.

Kanuni za fidia za 2001 zinataja vipengele, na kila mtu avijue kwa moyo. Kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko. Kuna maendelezo: nyumba, uzio, kisima, miti, mazao. Kuna posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa riba ya amana za mwaka mmoja kwenye benki za biashara. Kuna posho ya usafiri, ambayo ni gharama ya kubeba tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Kuna posho ya makazi, yaani kodi ya pango ya nyumba yako kwa miezi 36. Na kama ulikuwa na biashara hapo, faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Kiwanja ambacho hakuna anayeishi hakipati posho za usafiri, makazi wala faida.

Faida ya duka lazima ionyeshwe kwa vitabu. Mwenye genge au banda la chipsi asiye na daftari la mauzo huambulia kidogo kuliko anachostahili, kwa hiyo anza kuandika leo, hata kwenye daftari la shule.

Fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inazaa riba, na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 tathmini inapoteza nguvu baada ya miaka miwili, lazima irudiwe. Hilo lina historia kwetu. Mwaka 2008 wakazi wa Kigamboni walitangaziwa Mji Mpya, wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, na miaka ikapita watu wakiishi kwenye nyumba zisizoruhusiwa hata kuongezwa chumba. Watoto walizaliwa na kuanza shule ndani ya kusubiri huko. Kabla hujakubali kupigwa picha na mthamini mbele ya nyumba yako, uliza fedha za kulipa zipo wapi na zitalipwa lini.

Makaburi ya wazee wetu je?

Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na kufanya dua au tambiko hulipwa. Kaburi linaloonekana kwa alama huhesabiwa kwa urahisi. Lile la zamani chini ya mwembe linahitaji wazee wa familia waonyeshe na mwenyekiti ashuhudie kabla ya tathmini.

Sina hati, nina karatasi ya mauziano tu.

Uko pamoja na sehemu kubwa ya jiji. Karatasi iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa ina uzito, leseni ya makazi ina uzito zaidi. Kusanya bili za DAWASA na stakabadhi za LUKU zenye makato ya kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humo. Majirani wanne wa mipaka wasaini mchoro mdogo wa kiwanja. Fanya kazi hiyo sasa, kabla maslahi hayajagombanisha majirani.

Mimi ni mpangaji.

Sheria haikulindi vya kutosha, na ni aibu, kwa sababu wapangaji ndio wengi. Mwenye nyumba hulipwa, mpangaji hupewa notisi. Kama una biashara, simama wewe mwenyewe siku ya uthamini na udai iandikwe kwa jina lako.

Dalali amekuja anataka kununua haraka, ananong'ona kuna mradi.

Usiuze wiki hii. Habari za mradi huwafikia madalali kabla ya mikutano ya hadhara, na faida yao iko kwenye kutojua kwako. Raia wa kigeni haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, tena kupitia mamlaka ya uwekezaji, kwa hiyo anayekwambia "mzungu atalipa cash kesho" hajui anachokisema au anakificha. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ufanye upekuzi, uliza mpango wa matumizi ya eneo lenu unasemaje.

Mvua zikinyesha?

Ekari nyingi zikisakafiwa na kuezekwa, maji yatatafuta njia, na njia hiyo ni kwenye nyumba za chini. Bonde la Msimbazi limetufundisha vya kutosha. Michoro ionyeshe mabwawa ya kutunza maji ya mvua ndani ya kampasi, na mfereji unaoishia mahali panapofaa, si kwenye ua wa jirani.

Intaneti itakuwa rahisi na ya kasi?

Kasi inaweza kuongezeka kwa huduma zitakazohifadhiwa hapa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Vilivyohifadhiwa ndani ya nchi havitegemei nyaya hizo. Bei ya bando ni suala jingine, na kampasi haiigusi moja kwa moja. Wala kuwepo kwa kompyuta Dar hakufanyi taarifa zilizomo kuwa zetu. Ulinzi wake unatokana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake.

Nani anaamua? Sisi tuna sauti gani?

Mwenye mradi anasajili kwa NEMC chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Washauri wake hufanya tathmini ya athari, na sheria inawalazimu kuwashirikisha wananchi. Ripoti ikikubaliwa hutolewa cheti chenye masharti. Masharti hayo ndiyo shabaha yetu. Muhtasari wa mkutano wenu wa mtaa huambatanishwa kwenye ripoti, hivyo hakikisheni mtendaji ameandika maswali na si mahudhurio peke yake. Nimeona mihtasari inayosema "wananchi waliupokea mradi kwa furaha" na hakuna kingine.

Asisaini mtu karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari.

Tukiuliza sana hatutaitwa wapinga maendeleo?

Mtaitwa. Mji wa The Dalles, Oregon, uliwahi kwenda mahakamani ili takwimu za maji za kituo cha Google zisitolewe kwa gazeti. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano 2022, takwimu zikatoka, na ikajulikana kituo kilikuwa kinatumia zaidi ya robo ya maji ya mji. Watu wa huko nao waliitwa majina. Mwekezaji anayejiamini hutoa takwimu zake mapema.

Mkutano ni Jumamosi. Nikiwa na nafasi ya swali moja tu, niulize nini?

Uliza: "Megawati ngapi awamu zote zikikamilika, na lita ngapi za maji kwa siku ya joto kali, na mtaandika wapi?" Hata wakijibu kwamba bado wanafanya utafiti, jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe watakayorudi.

Wakishajenga na kuvunja masharti?

Kila cheti kinaambatana na ukaguzi wa mazingira, na NEMC ina mamlaka ya kutoza faini na kusimamisha shughuli. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kifungu kinachofuata kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai, hata kama si jirani wa uzio. Lipo pia Baraza la Rufaa la Mazingira. Ili yote hayo yafanye kazi mtahitaji nakala ya cheti mkononi. Mtaa uiombe kwa barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoitaka ofisi kujibu ndani ya siku 30. Barua ipelekwe na watu wawili, na nakala ya pili igongwe mhuri wa mapokezi wenye tarehe; siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.